Shavu la Kushoto la Bibi Lois

Mwalimu Filemoni hakuwahi kupokea kazi ambayo haijakamilika. Katika miaka yote aliyofundisha, kuanzia Chiwata hadi mjini Masasi, mtoto aliyeleta ramani yenye mto usiofika baharini alirudishiwa ramani yake, na aliyeleta barua isiyo na tarehe alitolewa nje akaiandike upya juani. Ndivyo alivyolelewa yeye mwenyewe na walimu wa misheni, watu waliopima pambizo za daftari kwa rula, naye hakuona sababu ya kulegeza mkono eti kwa kuwa amestaafu. Mkewe, alipokuwa hai, alizoea kusema kwamba mumewe angeweza kulirudisha hata jua kama lingechomoza limepinda.

Kitu kimoja tu kilichobaki nusu ndicho hakuwahi kukigusa, nacho kilikuwa uso wa mama yake.

Bibi Lois, aliyekuwa akiishi Newala kwenye nyumba ya marehemu mumewe, alikuwa miongoni mwa wanawake wachache mno waliosalia wenye nembo za Kimakonde usoni. Paji lake lilikuwa na misururu ya vitone, na mashavuni zilichanjwa pembe zilizopandana, moja chini ya nyingine, zikapakwa masizi ya mbarika hata zikawa za bluu iliyokolea. Shavu la kulia lilikuwa na pembe nne. La kushoto lilikuwa na tatu, na chini ya ile ya tatu ngozi ilikuwa tupu. Mwalimu alikuwa ameuona utupu ule tangu akiwa ananyonya, lakini hakuwahi kuuliza. Shuleni alifundishwa kwamba chale ni mambo ya giza, na mtu haulizii giza.

Hata hivyo alimpenda mama yake, na upendo huo ulikuwa na kidonda. Zamani, walipokuwa wakiishi kwenye nyumba za walimu Masasi, mke wa ofisa mmoja kutoka bara alimwona Bibi Lois uani akamwuliza Mwalimu, mbele ya wageni, kama bibi yule aliwahi kukamatwa na chui. Wageni wakacheka. Kicheko kile kilimkaa Mwalimu kifuani kama mfupa wa samaki, na tangu siku ile alitamani itokee siku ambayo mama yake atatajwa mbele ya watu wenye elimu, nao wasicheke.

Siku hiyo ilielekea kuja kupitia kwa binti yake, Dina.

Dina alikuwa mtafiti katika maabara ya chuo kimoja huko Uholanzi. Kazi yake ilikuwa ya vinasaba, ule uzi mrefu uliomo ndani ya kila chembe ya mwili, unaobeba sura ya mtu kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Yeye na wenzake hawakuusoma tu uzi huo, waliupanga. Walikuwa na sindano yenye ncha nyembamba kiasi kwamba darubini ya shuleni isingeiona kamwe. Waliichovya ncha hiyo katika maji yenye vinasaba, wakaipitisha juu ya bamba la dhahabu, nayo ikaacha mistari na pembe walizozitaka. Matumaini yao yalikuwa kwamba siku moja mabamba ya namna hiyo yatanasa vijidudu vya maradhi ndani ya tone moja la damu. Lakini kwanza ilibidi kuthibitisha kwamba sindano inaweza kufuata mchoro mgumu bila kukosea. Wenzake walichora nyota na herufi. Dina aliwaambia kwamba yeye atachora nembo za bibi yake, tena kwa vinasaba vya bibi huyohuyo.

Alikuja likizo, baba yake akampeleka Newala. Ilimlazimu baba kuwa mkalimani, kwa sababu Bibi Lois alikuwa na Kiswahili cha sokoni tu, na Dina hakujua Kimakonde. Mwalimu ndiye aliyekipiga marufuku nyumbani mwake. Watoto wake walisema Kiswahili sanifu mezani na Kiingereza wakati wa kusoma, na aliyeteleza alinawishwa mikono akaenda kulala na njaa.

Dina alieleza yote polepole, akionyesha kwa vidole. Bibi alisikiliza, kisha akauliza kama sindano hiyo inauma.

“Hakuna wa kuumia, Bibi,” Dina akajibu. “Tunachora juu ya dhahabu.”

“Dhahabu haina mashavu,” akasema Bibi Lois, na hata Mwalimu, alipokuwa akitafsiri, alitabasamu.

Akaambiwa kwamba mchoro wenyewe utakuwa mdogo hivi kwamba nyuso zake kumi na zaidi zingejipanga katika upana wa unywele mmoja. Jambo hilo lilimfurahisha kupita yote. Alisema kwamba ujana wake wote fundi alihitaji shavu zima, na sasa mjukuu amepata fundi wa kuchanja unywele. Kisha uso wake ukatulia. Alimgeukia mwanawe, akasema kwa Kimakonde, kwa sauti ya mtu anayetoa agizo:

“Mwambie achore anachokiona. Pale fundi alipouinua mkono, na yeye auinue. Pasijazwe.”

Mwalimu Filemoni aliyasikia maneno hayo barabara. Lakini yalimnukia mizimu, na mbele yake alikuwa ameketi binti msomi mwenye kichupa cha plastiki mkononi, cha kutilia mate ya kutolea vinasaba. Aliona kwamba haifai kuingiza mambo ya fundi na mkono wake katika shughuli ya sayansi.

“Bibi amekubali,” akamwambia Dina. “Anakutakia heri.”

Bibi Lois alipoona mjukuu ameitikia kwa kichwa, aliamini agizo limefika. Akakipokea kichupa, akatema mate ndani yake, akafunika mwenyewe.

Miezi ikapita. Siku moja, Mwalimu akiwa sebuleni kwake Masasi, Dina alipiga simu. Alikuwa na picha za Bibi mezani na alitaka kuhakikisha jambo kabla ya kuanza.

“Baba, shavu la kulia lina pembe nne, la kushoto tatu. Ile ya nne imefutika, au haikuwapo?”

Hapo palikuwa na njia rahisi. Mama Shakila, jirani wa Bibi Lois, alikuwa na simu, na kwa hiari yake angevuka ua akampa Bibi azungumze. Mwalimu aliijua njia hiyo. Lakini alikumbuka ramani ya mto usiofika baharini, akawaona mbele ya macho yake wale wageni wa zamani wakiwa na vikombe vya chai, na akaona aibu kwamba mama yake apelekwe Ulaya akiwa na shavu moja pungufu.

“Uzee umeifuta,” akasema. “Ijaze.”

“Una hakika, Baba? Sindano ikishaweka, sina namna ya kufuta.”

“Ijaze, mwanangu. Usipeleke kazi nusu mbele ya wazungu.”

Kazi ilifanikiwa kuliko walivyotazamia. Sindano ileile iliyochora ndiyo iliyorudi kuupapasa mchoro, kama kipofu anavyopapasa uso wa mtu, na kutokana na kupapasa kwake ikatengenezwa picha. Wakuu wa Dina waliisifu. Ilichaguliwa kuonyeshwa katika mkutano wa wanasayansi wa nchi nyingi, ukubwa wa ukuta, na chini yake liandikwe jina la mwenye nembo, na jina hilo litamkwe ukumbini. Lakini chuo kilikuwa na utaratibu wake: mwenye nembo lazima kwanza aione picha na atoe ridhaa kwa kinywa chake mwenyewe. Dina akaambiwa aje nyumbani kwa ajili hiyo.

Mwalimu hakusubiri ridhaa. Jumapili, baada ya ibada, aliwaeleza wazee wa kanisa kwamba jina la mama yake litasomwa Ulaya mbele ya maprofesa. Mzee Silvesta, mstaafu mwenzake, alimshika mkono akasema kwamba hakika Mungu amemkumbuka mama yule. Tangu hapo watu walimwuliza Mwalimu kila walipokutana naye ni lini, naye aliwajibu kwa tarehe kamili.

Walifika Newala asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya paa. Mwalimu alikuwa amevaa koti lake jeusi na tai. Uani walimkuta Mama Shakila, Mmakua aliyeolewa hapo Newala akakijua Kimakonde kama wenyeji, na aliyezoea kumtania kila mtu, akichochea moto chini ya sufuria ya ming'oko, viazi vya porini alivyokuwa akiviuza stendi.

“Shikamoo, Mwalimu. Koti hilo! Umekuja kuoa?”

“Marahaba. Nimekuja kwa mama yangu.”

“Basi bibi harusi amekwisha kuoga tangu alfajiri. Leta mahari.”

Mizaha ya wanawake uani haikuwa desturi ya Mwalimu. Waliingia ndani, wakamwamkia Bibi Lois, naye akaitikia akiwa ameketi kwenye mkeka, amejifunga kanga mpya. Dina akaifungua picha iliyokuwa ndani ya fremu, akaiweka mapajani mwa bibi yake.

Ilikuwa picha ya rangi ya dhahabu, na juu ya dhahabu hiyo nembo zilisimama nyeusi, safi, kila pembe imekutana na mwenzake bila kuyumba. Bibi Lois aliitazama kwa muda mrefu. Akaweka kidole juu ya kioo, akaanza na vitone vya paji, akashuka shavu la kulia, pembe baada ya pembe, huku midomo yake ikitikisika kama anayesoma. Alipofika ya nne alicheka kidogo, akasema fundi huyo wa Ulaya hatetemeki. Kisha kidole kikavuka kwenda kushoto. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kikateremka ili kipumzike pale alipokizoesha kupumzika, kikaikuta ya nne.

Alikiinua kidole kama aliyegusa sufuria iliyo motoni.

“Nani huyu?” akauliza kwa Kimakonde.

“Ni wewe, Mama,” Mwalimu akajibu.

“Nakuuliza, nani huyu?”

Mwalimu alieleza kwamba pembe ile ilikuwa imefutika kwa uzee, na Dina ameirudisha mahali pake ili uso ukamilike. Bibi Lois alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa na macho makavu, na sauti yake ilipotoka haikupanda.

“Hukumwambia,” akasema. “Nilikuagiza neno moja, Filemoni. Ukalimeza.”

Dina alikuwa akimtazama mmoja na kumgeukia mwingine. Mikono yake bado ilikuwa imeinuka nusu, tayari kuipokea picha au kuikumbatia shingo ya bibi yake. Akauliza Bibi anasemaje.

Hapo Mwalimu Filemoni alipata nafasi ya pili, na aliijua kuwa ni nafasi. Akakohoa.

“Bibi amechoka,” akasema. “Anasema picha ni kubwa kuliko alivyotazamia.”

Lakini Bibi Lois hakuwa mgeni kabisa wa Kiswahili, na maneno hayo yalikuwa mepesi. Alinyoosha mkono, akamshika Dina kiwiko, akayakusanya machache aliyokuwa nayo.

“Mimi nasema,” akasema. “Yeye hasemi.”

Dina alimtazama baba yake. Kisha akasimama, akatoka nje. Wakamsikia akizungumza uani, na aliporudi Mama Shakila alikuwa nyuma yake, akifuta mikono kwenye kanga. Mama huyo alipowatazama usoni hakuleta mzaha wowote. Aliketi mkekani kati ya Bibi na mjukuu, akakunja miguu, akamwambia bibi aseme.

Mwalimu alibaki kwenye kiti. Hakuna aliyemwomba aondoke.

Bibi Lois alisema taratibu, akimpa Mama Shakila nafasi, na Mama Shakila alikiweka kila kipande katika Kiswahili bila kukipamba. Alisema kwamba alipopelekwa kwa fundi hakupelekwa peke yake. Alikuwa na mdogo wake wa kike, aliyemfuatia ziwa. Fundi aliwachanja kwa zamu, pembe ya huyu kisha pembe ya yule, ili yule anayesubiri amshike mkono anayechanjwa. Walianza na mashavu ya kulia, wakayamaliza. Wakaenda kushoto. Walipomaliza pembe ya tatu fundi aliwapa mapumziko ili madonda yakauke, na katika mapumziko hayo uso wa mdogo wake ulivimba, taya zikakaza, mwili ukapinda kama upinde, akafa. Baadaye fundi alirudi na kisu chake kummalizia huyu aliyebaki. Mama yao alisimama mlangoni akamwambia akirudishe kisu mkobani. Wazee wa ukoo wakaketi, wakakubali: pale palipobaki pabaki, pawe pa marehemu.

“Anasema hata jina lake halitaji hapa bila kumwaga unga wa tambiko,” Mama Shakila akaongeza, “kwa hiyo msimwulize jina.”

“Alizikwa wapi?” Dina akauliza kwa sauti ndogo.

Bibi alijibu kwamba alizikwa katika kijiji chao cha zamani. Serikali ilipowahamisha watu kwenda vijiji vipya, waliondoka na vyungu na kuku, na makaburi yakabaki. Walipoweza kurudi kutazama, pale palikuwa shamba la mikorosho la watu wengine, na hakuna aliyejua tena kaburi liko chini ya mti upi.

“Anasema,” Mama Shakila akatafsiri, “sijabaki na mahali pengine pa kumwekea. Nilikuwa naye hapa. Sasa mmempitishia mstari.”

Mwalimu Filemoni alikuwa mtoto wa kwanza wa mwanamke huyu. Alikuwa amemsomea Maandiko, amemjengea paa la bati, amempeleka hospitali ya Ndanda macho yalipoingia ukungu, na habari hii aliisikia sasa kupitia kinywa cha muuza ming'oko.

Dina alisema kwamba atawaandikia chuo leo hii, aiondoe picha katika mkutano. Mama Shakila alipoyafikisha maneno hayo, Bibi aliuliza kama mjukuu hawezi kuchora nyingine. Dina akaeleza kwamba sindano ile huombwa na watafiti wengi, zamu yake imekwisha, mkataba wake nao unakaribia mwisho, na ni picha hiyo iliyotarajiwa kumpatia mkataba mwingine. Hakulalamika alipoeleza, alieleza kama mtu anayetaja bei.

Bibi Lois aliitazama tena picha. Mwalimu alijaribu kuliona katika uso huo neno atakalosema, kama zamani alivyoweza kujua kwa kuutazama tu kama atachapwa au atasamehewa, lakini hakuona kitu.

“Asiiondoe,” Bibi akasema hatimaye. “Mate niliyatoa mwenyewe, na yeye alifanya kazi kwa jinsi alivyoambiwa. Kitu nilichokitoa sikidai. Aende akaonyeshe. Lakini jina langu litoke. Huyu mwenye mashavu mawili yaliyojaa simjui. Waandike kwamba ni Mmakonde tu.”

Mwalimu hakumsubiri Mama Shakila. Alisimama, koti likamvuta mabega.

“Mama, jina ndilo lenyewe. Nimekwisha kuwaambia kanisani. Watu wote Masasi wanajua kwamba utatajwa.”

“Basi uwaambie tena,” akasema mama yake.

Dina aliomba atafsiriwe, akatafsiriwa. Aliitikia kwa kichwa, akambusu bibi yake mkononi, akatoka na simu yake kwenda kwenye kona ya ua ambako mtandao hushika. Mwalimu alimfuata. Alimkuta akiandika kwa dole gumba, na hakuhitaji kusoma ili ajue anachokifuta.

“Nilitaka afike kule akiwa mzima,” akamwambia. “Wasimcheke.”

“Nilikuuliza, Baba.”

“Nami nilikujibu.”

“Hukuwa unajua. Ungesema tu kwamba hujui, ningempigia Bibi.”

 Katika miaka yake yote mbele ya ubao Mwalimu hakuwahi kumwambia mwanafunzi neno “sijui”, na sasa alipolitafuta hakulipata. Alitamani kumweleza binti yake kwamba yeye pia amefiwa leo, na mama mdogo ambaye hakuwahi kujua alikuwapo, lakini Dina alikuwa amekwisha kuipeleka barua na alikuwa anaitazama skrini, akisubiri.

Ukungu ulikuwa umepanda. Kutoka ndani, Bibi Lois aliita kwa Kimakonde kwamba chakula kipo, mjukuu aje ale kabla hakijapoa, na kwamba picha ile itafutiwe kitambaa ifunikwe. Hakumwita mwanawe. Alimtuma Mama Shakila aje uani amweleze Dina.

Mama Shakila akaja, akamshika Dina mkono, akamweleza yote mawili. Dina akamshukuru, akaingia ndani pamoja naye. Mwalimu Filemoni, aliyeelewa kila neno tangu mwanzo, alibaki amesimama kando ya sufuria ya ming'oko, akiwaza atakavyowaambia watu siku ya Jumapili.